Kabla Kadi Haijatoka Mfukoni

Mwaka 1966, kwenye Kombe la Dunia, uwanjani Wembley kule Uingereza, mwamuzi Rudolf Kreitlein wa Ujerumani Magharibi alimtoa nje nahodha wa Argentina, Antonio Rattín. Rattín akagoma kutoka. Mmoja alijua Kijerumani, mwingine Kihispania, na dakika kadhaa zikapita mpira umesimama. Mwingereza Ken Aston, aliyesimamia waamuzi wa Kombe la Dunia lile, baadaye akapata wazo kutoka kwenye taa za barabarani, na mwaka 1970 kule Mexico kadi za njano na nyekundu zikaanzishwa kwa mara ya kwanza kwenye Kombe la Dunia.

Kisa hiki huwa nawasimulia waamuzi vijana siku ya kwanza ya mafunzo. Kadi ilibuniwa kwa ajili ya watu wasioelewana lugha. Mimi na yule beki anayenitolea macho wote tumekua na Kiswahili, kwa hiyo naanza na mdomo.

Haya nimejifunza mchangani, kwenye ndondo, yaani mechi za mitaani, ambako hakuna uzio na mashabiki wamesimama juu ya mstari kabisa. Ukikosea kule, huna pa kukimbilia. Lakini kosa langu kubwa nililifanya baadaye, nikiwa nimeshapanda daraja. Dakika ya 4, kiungo mmoja alimvuta mwenzake jezi katikati ya uwanja, mahali pasipo na hatari yoyote. Nikamlima njano, nikijiona nimeonyesha mapema kwamba leo hakuna mchezo. Tangu hapo kila jezi iliyovutwa ilikuja na swali: “Refa, mbona yule ulimpa?” Walikuwa na haki kuuliza. Kipimo nilikiweka mwenyewe, na hadi mapumziko nilikuwa nimeshaandika majina sita kwenye mechi ambayo wala haikuwa ya vurugu.

Siku hizi naanza na filimbi. Faulo ya kawaida naipuliza fupi, kama mtu anayebisha hodi. Rafu ya makusudi naipuliza kwa nguvu na kuivuta, na mchezaji anajua nimekasirika kabla sijamfikia. Refa anayepuliza sauti ileile dakika zote 90 amejinyima chombo bure. Chombo kingine ni miguu. Wachezaji wawili wakianza kupandishana, nikiwa mita tano kutoka kwao mara nyingi wataishia kwenye maneno. Nikiwa mita 40, watamaliza walichokianza.

Maneno yenyewe yana ngazi mbili, na hapa ndipo vijana wengi wanapoteleza. Ngazi ya kwanza ni ya siri. Ninapita karibu na mchezaji huku mchezo unaendelea, simtazami usoni, nasema kwa sauti ya chini: “Kaka, hiyo nimeiona. Ya pili nakuandika.” Hakuna aliyesikia, hajaaibika, na hana sababu ya kujibu kwa ajili ya jukwaa. Wengi wanatulia hapo. Ngazi ya pili ni ya hadharani: nasimamisha mchezo, namwita pembeni na nahodha wake, naonyesha kwa mkono sehemu alizofanya makosa, moja, mbili, tatu, uwanja mzima unaona. Ukishafika hapo umetoa ahadi. Akirudia, kadi lazima itoke, na hata mwenyewe hatabisha sana. Refa anayemwita mchezaji yuleyule pembeni mara tatu, mashabiki watamhesabia, na wachezaji wameshamhesabia kabla yao. (Na kunyoosheana vidole, tafadhali, tuwaachie walimu wa zamu.)

Kona ndiyo ninayoipenda zaidi. Mpira umewekwa kwenye kibendera, ndani ya eneo la penalti watu wanakumbatiana kama wako harusini. Sheria inasema mpira hauko mchezoni mpaka upigwe na usogee. Kwa hiyo hata beki akimbwaga mshambuliaji chini kabla ya hapo, siwezi kutoa penalti. Naweza kumpa kadi, au naweza kuongea naye. Huwa nazuia kona isipigwe, nawaendea wale wawili, nasema neno moja, narudi nyuma. Ile mikono inashuka. Kinachoshuka pia ni uwezekano wa mimi kulazimika, sekunde tatu baadaye, kuamua penalti ambayo timu moja haitanisamehe. Watu jukwaani wanazomea kwamba refa anachelewesha mchezo. Wazomee tu.

Kuhusu manahodha, kwenye Euro 2024 UEFA iliagiza nahodha peke yake ndiye amfuate mwamuzi kuomba maelezo, na kama nahodha ni kipa, timu iteue mchezaji mwingine asiye kipa. Utaratibu mzuri. Mchangani una shida yake, maana kitambaa anaweza kuvaa aliyenunua jezi. Mimi natafuta yule ambaye wenzake wanamgeukia wakishafungwa, mara nyingi beki wa kati mwenye umri kidogo. Namwambia: “Mzee, kamtulize mdogo wako namba saba.” Anaenda.

Yapo nisiyoyazungumzia kabisa. Kiwiko cha makusudi usoni, mate, kuingia kwa njumu kwenye mguu wa mtu: hapo sina ngazi wala siri, nyekundu inatoka. Mwamuzi anayejaribu kuongea baada ya mguu kuvunjika ni mwoga, na namwambia hivyo.

Ila hesabu yangu ya lugha inaanza kuharibika. Ligi yetu sasa ina wachezaji wengi wa kigeni. Wakongo wengi tunasikilizana, Kiswahili chao kina ladha yake lakini kinafika. Anayetoka Burkina Faso au Côte d’Ivoire anaweza kunitazama kama Rattín alivyomtazama Kreitlein. Kwake natumia mkono wazi ulioelekea chini, jicho, na mchezaji mwenzake mwenye Kifaransa kidogo. Nimejifunza pia maneno mawili, doucement (taratibu) na dernière fois (mara ya mwisho). La pili nikilisema, kwa kawaida hucheka matamshi yangu, na akishacheka hasira yote imeisha.