Difolti ni nini? Na kwa nini tarehe yake ina uzito kuliko neno lenyewe

Juzi mdogo wangu mmoja, sio wa tumbo moja ila huku Uingereza ukishapiga na mtu shifti za usiku miaka mitatu anakuwa ndugu tu, alinipigia saa mbili asubuhi sauti imemkauka. Kafika nyumbani, kakuta barua ya benki mlangoni, kaifungua hata yunifomu hajavua, ndani kuna neno difolti limekolezwa wino na chini yake kuna tarehe. "Dada, ndo wananifunga?" Nikamwambia tulia, nisomee yote na usiruke mstari. Akanisomea. Ilikuwa barua ya kawaida kabisa ambayo watu wengi wenye krediti kadi zilizoelemewa wanaipata, na wengi wanaielewa vibaya, ndo maana naandika hapa.

Kwanza hakuna wa kukufunga. Deni la kadi sio jinai, hakuna polisi atakayekuja kugonga. Hilo tulimalize hapa hapa.

Sasa basi, difolti ni kushindwa kulipa kama mkataba unavyosema, ila kuna vitu viwili vinaitwa hivyo na watu wanavichanganya. Cha kwanza ni ile barua, notisi ya difolti. Hiyo inatokana na sheria ya mikopo ya mwaka 1974, na inasema hivi: umechelewa kiasi fulani, tunakupa angalau siku 14 ulipe hicho ulichochelewa. Ukikilipa ndani ya muda, mkataba unaendelea kama hukukosea. Usipolipa ndo wanaruhusiwa kuuvunja mkataba na kukudai deni lote kwa mkupuo. Kwa hiyo barua ni onyo, haijakuchafua bado.

Cha pili ni alama yenyewe, ile inayoandikwa kwenye faili lako la mikopo kule Experian, Equifax na TransUnion, mashirika matatu yanayotunza rekodi za jinsi watu wanavyolipa madeni, kwamba huyu mtu tarehe fulani tulikata tamaa naye kama mteja wa kawaida. Hii ndo difolti watu wanayoiogopa, na ina haki ya kuogopwa maana ukitaka mkopo wa nyumba au laini ya simu ya mkataba itakusumbua, hata mwenye nyumba wa kupanga akikuchunguza anaweza kukunja uso. Ila ina kitu kimoja kizuri ambacho hakuna anayekwambia: inakaa miaka 6 kuanzia tarehe iliyopigwa, halafu akaunti nzima inafutika kwenye faili. Umemaliza kulipa, hujamaliza, inafutika tu. Kwa waliotoka Kenya hii inashangaza, maana wamezoea CRB, ofisi za kule za rekodi za wakopaji, ambayo miaka yake inahesabiwa kuanzia siku umemaliza deni.

Sasa njoo kwenye utamu wenyewe.

Mdogo wangu hakutaka kwenda kwa makampuni ya kusimamia madeni, yale yanayokata chao humohumo kwenye hela ya kumlipa mdai. Akaamua asimamie mwenyewe. Inaruhusiwa kabisa, huhitaji kibali cha mtu. Ana kadi tatu: moja paundi 3,000, nyingine 2,000, ya mwisho 1,000. Akishatoa kodi, umeme, chakula, basi la kwenda kazini, anabakiwa na paundi 120 kwa mwezi. Unagawa kwa uwiano, aliyedai kingi anapata kingi: 60, 40, 20. Unawaandikia wote watatu, unaambatanisha bajeti yako, unawaomba wasimamishe riba na faini. Wakikubali, baada ya miezi 50 wote watatu wanaisha pamoja. (Kwenye ile fomu ya bajeti alikwama mahali pa kuandika hela anayomtumia mama yake Tanga, hakuna mstari umeandikwa "mama", nikamwambia weka kwenye matumizi mengine na ueleze. Usifiche, maana ukificha bajeti inapasuka mwezi wa pili tu.)

Hapo wadai wanafanya mambo tofauti na ndo kizungumkuti kinapoanzia. Mmoja anasema sawa, lakini kwa kuwa hulipi kile cha mkataba napiga difolti. Mwingine anaonekana mpole, anasema sawa tutakuwekea alama kwamba una makubaliano ya kulipa kidogo kidogo. Ukisikia hivyo moyo unampenda huyu wa pili. Lakini fanya hesabu. Tuseme ulianza kulipa Januari 2021. Yule mkali akapiga difolti Mei 2021, basi ikifika Mei 2027 jina lake halipo tena kwenye faili lako. Yule mpole hakupiga kabisa, ukamlipa mpaka shilingi ya mwisho Februari 2025, akaunti ikafungwa, na akaunti iliyofungwa bila difolti inakaa miaka 6 tangu siku ya kufungwa. Piga hesabu mwenyewe: Februari 2031. Yaani yule aliyekuwa mpole kakukalia karibu miaka minne zaidi ya yule aliyekuumiza mapema! Na mpango wako ukiwa wa miaka kumi ndo usiseme.

Ndo maana ukisikia mtu anayelipa madeni mwenyewe analalamika kwamba benki imekataa kumpiga difolti usimwone kachanganyikiwa. Mtu kishaelemewa, faili limeshachafuka kwa kuchelewa, basi bora lichafuke mapema ili lisafike mapema. Hii hesabu haimhusu aliyechelewa mwezi mmoja kwa sababu mshahara ulikawia. Huyo notisi ikija alipe kilichochelewa, maisha yaendelee, kutafuta difolti kwa makusudi wakati unaweza kulipa ni kujichoma tu.

Na benki haitakiwi kukuburuza. Kuna mwongozo ambao wakopeshaji na mashirika ya faili wanaufuata, ulioandaliwa kwa kushirikiana na ICO, ile ofisi ya ulinzi wa taarifa, na unasema difolti kwa kawaida ipigwe ukishakuwa nyuma kati ya miezi 3 na 6. Kama umelipa vijisenti miaka miwili wakaja kupiga difolti mwaka wa tatu, unaandika malalamiko kwamba tarehe irudishwe nyuma kule ilikotakiwa kuwa. Wakikataa, au wiki 8 zikapita bila jibu la mwisho, unapeleka kwa Financial Ombudsman Service, msuluhishi huru wa malalamiko dhidi ya mabenki, bure.

Alafu deni likishapigwa difolti mara nyingi linauzwa. Unaamka unakuta barua ya kampuni hujawahi kuisikia, inasema sasa tunadai sisi. Usipanik, wewe badilisha tu standing oda (yale malipo ya kila mwezi uliyoiagiza benki yako itume) iende kwao, baada ya kuhakikisha kwa yule wa zamani kwamba kweli ameuza. Kitu cha kuangalia kwa jicho kali ni tarehe ya difolti: mnunuzi anarithi ileile ya mwanzo, hana ruhusa ya kuanzisha miaka 6 mipya. Kwa hiyo kabla hujaanza chochote, chukua skrinshoti za faili lako kwenye mashirika yote matatu. Siku tarehe ikihama una ushahidi mkononi.

Kuna kosa lingine nimeliona sana kwa watu wetu. Mtu ana kadi ya benki fulani na mshahara wake unaingia benki hiyohiyo. Amepanga bajeti vizuri, tarehe 28 mshahara umeingia, benki imejichukulia chake, kodi ya nyumba imekosekana. Wana haki ya kufanya hivyo, kufidia deni la huku na hela ya kule. Kabla hujawaandikia barua yoyote ya mpango wako, fungua akaunti benki nyingine isiyokudai, hamishia mshahara huko kwanza. Na walipe kwa standing oda unayoishika wewe, sio kuwaachia wao wavute.

Sasa ile miaka 6. Watu wanaona alama imefutika wanadhani deni limekufa. Hapana. Faili limesafika, deni bado lipo, unaendelea kulipa. Kuna miaka 6 mingine kabisa, ya sheria ya ukomo huku England na Wales (Scotland ni 5), ambayo inamzuia mdai kukushinda mahakamani kama muda wote huo hujalipa wala hujakiri deni kwa maandishi. Lakini wewe uliye kwenye mpango unalipa kila mwezi, na kila malipo yanairudisha saa mwanzo, kwa hiyo hiyo isahau, sio yako.

Wakusanya madeni nao wanatisha kwa barua nyekundu ila hawana mamlaka ya kuingia kwako wala kuchukua hata kijiko. Wenye mamlaka ni wale wa mahakama, na hao wanakuja baada ya hukumu ambayo hujailipa. Ndo maana bahasha ya mahakama haiwekwi juu ya friji, una siku 14 za kujibu, na ukijibu na bajeti yako mara nyingi utapangiwa kulipa kwa mwezi. Ah, na ule uvumi kwamba difolti inachafua anwani yote, kwamba mwenzako mnayeshea nyumba atanyimwa mkopo kwa sababu yako: hakuna kitu kama hicho. Faili ni la mtu, sio la mlango. Labda kama mna akaunti ya pamoja, hapo mmefungwa kamba moja.

Ukiona hesabu zinakuzidi, StepChange na National Debtline, mashirika ya ushauri wa madeni, wanasaidia bila kulipwa, na kupitia washauri kama hao unaweza kuombewa siku 60 za kupumua ambazo riba na ufuatiliaji vinasimama, kwa England na Wales.

Mdogo wangu ile notisi hakuilipa. Tulikaa jikoni kwangu Jumapili, tukapiga hesabu kwamba hicho kilichochelewa angekilipa angekosa kodi, na mwezi unaofuata angechelewa tena. Akaiacha tarehe ipite, akatuma barua tatu na bajeti, standing oda zikaanza: 60, 40, 20. Yule wa kwanza akapiga difolti mwezi uleule. Wiki iliyopita kanipigia tena, saa mbili ileile, nikajua kuna bahasha nyingine. Kumbe analalamika: "Dada, hii kadi ya pili mbona hawaipigi?"