Ujasiri wa kusema kweli: maana yake kwa Mkristo

"Msema kweli mpenzi wa Mungu." Methali hii nimeisikia tangu utotoni huku Moshi, kwenye mafundisho ya Kipaimara, kwenye vikao vya ukoo, hata kwenye vibanda vya kahawa. Ukiisikiliza vizuri utaona imeahidi upendo wa Mungu peke yake. Habari za baba mdogo, za mwajiri na za majirani haikuzigusa. Na hapo ndipo dhana hii inapoanzia: ujasiri wa Kikristo ni kuisema kweli huku ukijua kwamba atakayelipa ni wewe, na kukubali kulipa.

Neno lenyewe tunalipata wazi katika Matendo ya Mitume sura ya 4. Petro na Yohana wamemponya kiwete mlangoni pa hekalu, wamelala rumande, asubuhi wanasimamishwa mbele ya wakuu na wazee. Biblia ya Union inasema wakuu hao "walipoona ujasiri wa Petro na Yohana" wakastaajabu, kwa kuwa walikuwa watu wasio na elimu. Kwa Kigiriki neno lililotumika hapo ni parresia, lililoundwa na maneno mawili: "yote" na "usemi". Kusema yote. Wagiriki walilitumia kwa raia huru mwenye haki ya kusimama katika mkutano wa mji na kutoa lililo moyoni mwake. Wavuvi wa Galilaya hakuna aliyewapa haki hiyo. Walipoamriwa kunyamaza walijibu kwamba hawawezi kuacha kuyanena waliyoyaona na kuyasikia.

Petro huyu ndiye yule ambaye, kama miezi miwili nyuma, alimkana Bwana wake mbele ya kijakazi. Kwa hiyo tuache kuuita ujasiri tabia ya kuzaliwa.

Angalia pia maneno "tuliyoyaona na kuyasikia". Ni mpaka. Wazee waliokuwa wana-TANU wanakumbuka ahadi yao: "Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko." Aliyeziweka kweli na fitina katika mstari mmoja alijua jinsi zinavyofanana, maana fitina inaweza kujengwa kwa habari za kweli tupu. Mimi huzitenganisha kwa swali moja: nani analipa? Ukimsema mtu asiyekuwepo, analipa yeye. Ukimkaripia mfanyakazi wako mbele ya wateja na kuuita huo "ukweli unauma", analipa yeye. Nabii Nathani alimwendea Daudi mwenyewe, mfalme ambaye alikuwa amekwisha kumwua Uria ili kuficha dhambi yake, akamwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo." Kama Daudi angekasirika, kichwa ambacho kingeanguka ni cha Nathani.

Nitaeleza lililonipata, kwa sababu hapo ndipo nilipoielewa dhana hii. Huku kwetu mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya ukoo, huwekwa kwa masale, mimea inayopandwa mpakani. Baba mdogo wangu alikuwa ameyasogeza hatua nne ndani ya kihamba cha jirani, mama mjane. Nilipita asubuhi nikaona mashimo ya zamani yamefukiwa, udongo bado mbichi. Kikao cha kwanza mwenyekiti aliuliza kama kuna aliyeona chochote. Nikanyamaza. Nilijiambia kwamba namsitiri mzee. Yule mama alinitazama, akainamisha kichwa.

Kusitiri ni wema mkubwa kwetu, nami sipendi udharauliwe. Lakini sitara ni ya aliyeanguka, ya mgonjwa, ya binti aliyepata shida, ya mtu anayetubu. Anayechukua cha mwenzake ukimfunika, nguo uliyomfunika umemvua mwingine. Siku ile niliyemvua alikuwa yule mjane.

Jioni kabla ya kikao cha pili nilikwenda kwa baba mdogo, kama Yesu anavyoagiza katika Mathayo 18, mimi na yeye peke yetu. Nikamwambia, "Baba, kesho nitasema nilichokiona." Alizima taa nikiwa bado mlangoni. Kesho yake sikusema mengi: mashimo yako wapi, niliyaona lini. Desemba ile watu walipopanda kutoka Dar es Salaam na Nairobi kwa Krismasi, mbuzi alichinjwa kwa baba mdogo na mimi sikuitwa. Wala mwaka uliofuata. Ni bei ndogo nikilinganisha na za wengine, lakini ilinitoa machozi.

Kwa Kigiriki anayesema alichokiona huitwa martis, yaani shahidi, na Kiswahili chetu kimelibeba neno hili kwa uzito uleule. Shahidi ni wa mahakamani, na mashahidi ni wale wa Uganda pia, ambao wengi wao walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Wakazi wa Arusha wameuona uzito huo kwa macho. Tangu 1995 hadi 2015 mji huo ulikuwa makao ya mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Mashahidi wengi walitoa ushahidi nyuma ya pazia, wakiitwa kwa herufi badala ya majina, kwa kuwa jina lingeweza kuwaua wakirudi nyumbani. Si wote walikuja kwa ajili ya imani. Ila Mkristo akitaka kujua shahidi ni nani, asiwasahau.

Jirani zetu Uganda wanalo kaburi lingine. Februari 1977 maaskofu wa Kianglikana walimwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji ya ovyo. Tarehe 16 mwezi huo Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa, na serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari.

Jambo moja hunisumbua tunapouhubiri ujasiri huu: twapenda kuudai kwa wengine. Karani mwenye watoto watatu aliyeona hesabu za chama zimechezewa, tunamhimiza aseme, halafu akifukuzwa kazi tunamwambia tunamwombea. Ni kweli, Bunge lilipitisha mwaka 2015 sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Sheria haitamletea unga mlangoni. Katika Yeremia 38 nabii ametupwa shimoni, amezama matopeni, kwa kusema alichoagizwa. Anayekwenda kwa mfalme kumwombea ni Ebedmeleki, Mkushi, mgeni mle ikulu. Anarudi na watu na kamba, na kwa kamba hizo anashusha kwanza matambara na nguo zilizochakaa, anamwambia Yeremia aziweke kwapani ili kamba zisimkate. Ile Krismasi ya kwanza, saa nane mchana, mzee mmoja wa kanisa alibisha hodi kwangu na sahani ya nyama iliyofunikwa kwa jani la mgomba. Alikuwa amekula kwa baba mdogo. Akaketi, tukala naye tena.