Mguu Usiopiga Mpira

Kila Jumatatu asubuhi benchi la kitengo chetu cha fiziotherapia hujaa watu wa mpira. Si wa Ligi Kuu, hao wana madaktari wao. Ni dereva wa bodaboda, fundi seremala, kijana wa kidato cha tatu, wote wametoka kwenye bonanza au ndondo ya mwisho wa wiki. Ukiwauliza wameumiaje, wa kwanza kulaumiwa ni beki wa upande wa pili. Ukichimba kidogo unasikia mengine: "Nilikuwa nageuka tu, hakuna aliyenigusa."

Anayegeuka anazungukia mguu wa kusimamia, ule usiopiga mpira. Huo ndio naomba tuutazame leo.

Chukua pasi fupi. Mpira namba 5 una uzito wa gramu 410 hadi 450, hivyo kuufikisha mita kumi hakuhitaji nguvu za ajabu. Weka mguu wa kusimamia kando ya mpira, vidole vikimtazama mwenzako, goti limekunjwa kidogo. Mguu wa pili ukaze enka, upige kwa ndani. Mguu wa kusimamia ukibaki nyuma, mpira unapaa. Vidole vyake vikitazama pembeni, pasi nayo inakwenda pembeni. Mtoto akikosea tunampigia kelele "piga kwa nguvu!" kumbe kosa liko kwenye mguu ambao hakuna anayeutazama.

Mguu huohuo ndio unaobeba mwili mzima unapopiga shuti, unapopiga chenga, unapotua baada ya kuruka kichwa. Jipime nyumbani: simama kwa mguu mmoja mbele ya kioo, kunja goti taratibu kama unayetaka kukalia kigoda. Goti likikimbilia ndani badala ya kubaki juu ya vidole, misuli ya paja na nyonga haijalishikilia vizuri. Kutua hivyo kwa kasi ni njia mojawapo ya kukata ligamenti ya mbele ya goti, yaani utepe mgumu unaoshikanisha mifupa, na wasichana hupata jeraha hilo zaidi ya wavulana. Wazazi wenye mabinti wanaocheza, hili msilipuuze.

Kuna picha naiona sana viwanja vya mchangani hapa Dar. Mchezaji anashuka kwenye bodaboda mechi imeshaanza, anavua suruali, bukta tayari iko ndani, anaingia. Mchana kutwa amekaa kwenye foleni au nyuma ya kaunta. Mbio ya kwanza, nyama za paja zinachanika.

FIFA ina mpango wa kupasha mwili uitwao 11+, mazoezi 15 ya dakika 20 hivi, yasiyohitaji zaidi ya mpira na vikoni. Utafiti wa Norway uliochapishwa 2008 kwa wachezaji wasichana ulionyesha majeraha yakipungua kwa takriban theluthi moja. Ndani yake kuna kukimbia polepole, kusimama mguu mmoja huku mnarushiana mpira, na zoezi ninalolipenda kuliko yote: unapiga magoti, mwenzako anakushika enka, unainamia mbele polepole mwili ukiwa umenyooka, hadi mikono ikudake. Hilo linaimarisha nyama za nyuma ya paja. Fanyeni mara mbili kwa wiki, mwanzo wa mazoezi. Kujinyoosha kwa kukaa muda mrefu mahali pamoja kuwekeni baada ya mechi.

Joto letu la Februari nalo lina unyevu, jasho linatiririka bila kukauka, kwa hiyo mwili haupoi. Kunywa maji kabla hujasikia kiu. Mwenzako akianza kuyumba au kutapika, mpelekeni kivulini, mmwagieni maji, msimrudishe uwanjani siku hiyo. Akianza kuongea yasiyoeleweka au akizimia, endeleeni kumpoza huku mkimkimbiza hospitali.

Enka ikiteguka, tafadhali msikimbilie maji ya moto na kuchua. Siku mbili tatu za mwanzo vyote viwili huongeza uvimbe. Barafu ya mfuko ya dukani inatosha: izungushie kanga, weka dakika 15 hadi 20, funga bandeji, inua mguu juu ya mto. Asiyeweza kutembea hata hatua 4 apigwe picha ya eksirei.

Na kabla ya kurudi uwanjani, simama kwa mguu ule ulioumia, fumba macho, hesabu hadi 30. Halafu jaribu mguu usioumia. Kama bado unayumba zaidi kwenye ule wa kwanza, wiki hii shika filimbi.