Taa za mchana za gari: yanayosemwa na ukweli wake

"Taa za mchana zikiwaka, gari zima limewaka." Hili ndilo la hatari kuliko yote. Taa hizi, zinazowaka zenyewe injini ikiwaka ili gari lionekane mchana, kwenye magari mengi huwaka mbele tu. Nyuma hakuna taa hata moja. Giza likiingia dereva anaona mwanga barabarani na dashibodi inang'aa, anaamini ameshawasha taa, kumbe lori la nyuma yake halimwoni. Kanada ilizilazimisha kwa magari mapya kuanzia Desemba 1989, lakini tatizo hilo la nyuma lilidumu hadi ikaweka kanuni mpya kwa magari yaliyotengenezwa kuanzia Septemba 2021.

"Ndizo hizohizo taa za otomatiki." Sizo. Taa za mchana kwa kawaida hazipimi chochote: injini ikiwaka, nazo zinawaka. Taa kubwa za otomatiki husubiri sensa ya mwanga, iliyo juu ya dashibodi au karibu na kioo cha ndani, na swichi iwe kwenye AUTO. Ukiifunika sensa ya dashibodi kwa kitambaa cha urembo, taa kubwa zitawaka saa sita mchana.

"Ikizima upande mmoja, imeungua." Tazama kwanza kama umewasha indiketa. Magari mengi huizima au kuififisha makusudi ili indiketa ionekane. Mengine huzizima zote ukivuta handibreki.

"Kila gari la kisasa linazo." Ulaya ilizilazimisha kwa modeli mpya kuanzia Februari 2011, Japani iliziruhusu rasmi mwaka 2016 tu. Ndiyo maana magari mengi ya mtumba ya Dar es Salaam na Mombasa hayana, na mafundi huzifunga wenyewe.

Hapo ndipo huzaliwa dhana kwamba "zinamaliza betri". Jozi ya LED hula wati chache, wakati taa kubwa mbili za halojeni hula takriban 110, na gari likiwa linawaka altaneta, yaani jenereta ya gari inayozungushwa na injini, ndiyo inayolisha. Betri inakufa fundi akiunga waya moja kwa moja kwenye betri. Umeme uchukuliwe kwenye fyuzi inayopata umeme swichi ya ufunguo ikiwa ON tu, na waya uwe na fyuzi yake. Waya wa pili uende kwenye taa ndogo, ili usiku taa hizi zizime au zififie; ukiachwa, unawapofusha wanaokuja mbele. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinataka taa zikae kati ya sentimita 25 na 150 kutoka ardhini, zikiachana angalau sentimita 60.