Usilaze mashine ya nyasi na petroli tumboni

Kila Oktoba, mvua za vuli zikinyesha siku tatu mfululizo, simu yangu hainyamazi. "Fundi, mashine imekataa kuwaka, na nyasi zimenifika magotini." Nikiuliza iliwashwa lini mara ya mwisho, jibu ni lile lile: Juni.

Mwongozo wa mashine hizi huzungumzia majira ya theluji, basi mtu wa Lang'ata akifika ukurasa huo anauruka. Kumbe hata Nairobi tuna msimu wetu wa kulaza mashine. Masika yakiisha Mei, inakuja baridi ya Juni na Julai, kisha ukavu hadi Septemba. Hata nyasi za kikuyu, ambazo hapa ndipo kwao, huzubaa.

Kinachoharibika zaidi ni kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Petroli ikikaa zaidi ya mwezi mmoja hivi, sehemu yake nyepesi huwa imeanza kupotea hewani, na kinachobaki hugeuka utando wa kahawia unaonata. Nikifungua bakuli la kabureta la mashine iliyolala hivyo, harufu inayonipokea ni ya rangi ya mafuta iliyochacha. Jeti, kipande cha ndani ya kabureta kinachopitisha petroli, ina tundu ambalo hata sindano ya kushonea haipiti, kwa hiyo utando kidogo tu unatosha kuliziba. (Tafadhali usilizibue kwa waya. Ukilipanua, injini itakunywa mafuta kupita kiasi.)

Dawa ni kumwaga petroli yote ya tangi, nje, mbali na jiko la jirani, kisha kuwasha injini mpaka izime yenyewe. Ukiwa na dakika mbili zaidi, legeza boliti ya chini ya bakuli, matone yaliyobaki yatoke. Petroli hiyo, kama bado mbichi na safi, tia kwenye gari. Ile ya mashine ya kufyekea ya begani, iliyochanganywa na oili, usiitie.

Injini ikiwa bado ina joto, badilisha oili. Mashine nyingi ndogo hazifikishi hata lita moja. Oili chafu ina asidi, na miezi minne ni mingi kwa beringi kulowa humo. Kisha fungua plagi ya cheche, dondosha kijiko kidogo cha oili safi ndani ya silinda, vuta kamba polepole mara mbili tatu, rudisha plagi. Malizia kwa kuvuta mpaka uhisi kamba imekaza, uiache hapo. Vali zote zimefunga, unyevu wa Julai hauingii.

Chini ya mashine, kwangua nyasi zilizogandamana, maana ndizo zinazolisha kutu. Chomoa kofia ya plagi kabla mkono haujakaribia kisu. Hilo sina mzaha nalo. Ukiilaza ubavu, upande wa kabureta uwe juu, la sivyo oili itaingia kwenye ea klina, yaani kichujio cha hewa.

Na hiyo ea klina ifunike. Mwaka mmoja nilifungua ya kwangu mwenyewe, mimi fundi, nikakuta panya amejitengenezea kitanda cha sponji iliyotafunwa, watoto watano wamelala fofofo. Mashine ya mteja niliyoilaza siku moja na yangu iliwaka kwa mvuto wa pili.