Jaji hana jeshi: Eisenhower, hotuba yake na hukumu iliyokataliwa Little Rock

Wengi hudhani Mahakama ya Juu ya Marekani ikishaamua, mambo yamekwisha. Aliyewahi kushinda kesi ya madai anajua sivyo: bado kuna kazi ya kukaza hukumu, yaani kuhakikisha inatekelezwa. Majaji tisa wa Washington wana shida hiyo hiyo, ila kwao mkaidi anaweza kuwa gavana mwenye askari. Alexander Hamilton, mmoja wa waasisi wa Marekani, aliliona hilo tangu 1788, alipoandika kwamba mahakama haishiki upanga wala mfuko wa fedha, na kwamba hata hukumu zake hutegemea serikali ili zitekelezwe.

Tarehe 17 Mei 1954, katika shauri la Brown dhidi ya Bodi ya Elimu, majaji wote tisa chini ya Jaji Mkuu Earl Warren waliamua kuwa kuwatenga wanafunzi weusi na weupe katika shule za umma ni kinyume cha Katiba. Mmoja wa mawakili wakuu wa walalamikaji alikuwa Thurgood Marshall, yule yule aliyekwenda London mwaka 1960 kuwashauri wajumbe Waafrika wa Kenya katika mkutano wa Lancaster House. Mwaka 1955 mahakama iliagiza utekelezaji, lakini haikuweka tarehe ya mwisho. Wakaidi wakapata upenyo.

Upenyo huo aliutumia Orval Faubus, gavana wa Arkansas. Septemba 1957 wanafunzi weusi tisa walipotaka kuingia Shule ya Sekondari ya Central mjini Little Rock, aliizungushia askari wa Ulinzi wa Taifa walio chini ya jimbo lake, kwa maelezo kwamba analinda amani. Wanafunzi wakarudishwa. Jaji wa shirikisho akamzuia gavana, askari wakaondoka, na tarehe 23 tisa hao wakaingia kwa mlango wa pembeni. Nje umati wa wazungu ulifurika kwa hasira, hata polisi wakalazimika kuwatoa wanafunzi kabla siku haijaisha.

Rais Dwight Eisenhower alikuwa mapumzikoni Newport, Rhode Island. Kesho yake alirudi Washington kwa ajili ya kuhutubia, na katika hotuba yenyewe akaeleza sababu: angeweza kuzungumza kutoka kule kule, lakini aliona maneno yake yatabeba uzito zaidi yakitoka katika nyumba waliyokaa Lincoln, Jackson na Wilson.

Anayeisoma leo akitafuta utetezi wa usawa wa rangi atakata tamaa. Eisenhower hakusema kuwa hukumu ya 1954 ilikuwa sahihi. Kwa miaka mitatu alikuwa amekwepa kutoa maoni yake hadharani. Alichosema ni kwamba maoni binafsi kuhusu uamuzi huo hayana nafasi linapokuja suala la kuutekeleza, na kwamba umati hauwezi kuruhusiwa kuzishinda amri za mahakama. Akaongeza kuwa maadui wa Marekani ng'ambo wanashangilia aibu hiyo. Vita baridi ilikuwa imepamba moto. Kwa maoni yangu, ubaridi huo ndio uliokuwa nguvu ya hotuba. Mzungu wa majimbo ya Kusini aliyeichukia hukumu alielezwa wajibu wake bila kutakiwa kuipenda kwanza.

Hotuba peke yake, hata hivyo, haifungui lango la shule. Kisheria, rais akizungumza redioni au kwenye televisheni hajatunga sheria yoyote. Kilichohamisha askari ni Amri ya Rais namba 10730, iliyotiwa saini siku hiyo hiyo. Kwa amri hiyo askari wa Ulinzi wa Taifa wa Arkansas waliondolewa mikononi mwa gavana na kuwekwa chini ya serikali ya shirikisho, na askari wapatao 1,000 wa Divisheni ya 101 ya jeshi la nchi kavu, kikosi cha askari wa miavuli, wakaingia mjini. Tarehe 25 wanafunzi tisa walipandishwa ngazi za mbele za shule wakisindikizwa na wanajeshi. Ndiyo maana mimi, rais wa Marekani akizungumzia hukumu, huuliza kwanza: ametia saini nini?

Rais anayesimama upande wa mahakama ana kazi rahisi kuliko anayeshindana nayo. Rais Franklin Roosevelt, aliyekuwa ametoka kushinda majimbo 46 kati ya 48, alikwenda redioni tarehe 9 Machi 1937 kuomba wananchi wamuunge mkono aongeze majaji wapya wasiozidi sita katika Mahakama ya Juu. Baraza la Seneti, lililojaa watu wa chama chake, liliurudisha muswada kwenye kamati kwa kura 70 dhidi ya 20.

Faubus naye hakukoma. Septemba 1958 Mahakama ya Juu, katika shauri la Cooper dhidi ya Aaron, ilisema majimbo yanafungwa na hukumu zake, na majaji wote tisa wakaandika majina yao juu ya uamuzi. Gavana akazifunga sekondari za Little Rock mwaka mzima wa masomo, za weusi na za weupe. Zilifunguliwa tena Agosti 1959, baada ya mahakama ya shirikisho kuibatilisha sheria aliyoitumia kuzifunga.