Umepona TB, mbona bado unahema?

Nilimeza dawa miezi 6, nikaambiwa nimepona. Mbona nikibeba jerikani nabanwa na pumzi?
Umepona kweli. Dawa zimeua vijidudu, lakini hazirudishi pafu lililokwisha kuliwa. Hubaki makovu na mapango, na makohozi hukwama humo. Aliyekohoa miezi akinunua sirapu dukani kabla ya kupima, mara nyingi ndiye mwenye kovu kubwa.

Basi nikikohoa tena, nimeze vidonge nilivyobakiza?
Hapana. Tena havikupaswa kubaki! Hapa Arua, Uganda, simalizi mwezi bila kumpokea mtu aliyejianzishia dawa za TB kwa sababu ya kikohozi tu. Pima makohozi kwanza.

Na vya kaka yangu anayetibiwa sasa?
Hapana, nasema tena. Yeye anavihitaji vyote. Kumeza nusunusu ndiko kunakozaa TB sugu. Kupima na kutibiwa TB kwenye vituo vya serikali ni bure, sasa unamnyang'anya mgonjwa dawa za nini?

Lakini picha ya kifua imeonyesha doa.
Kovu huonekana kwenye picha miaka mingi. Picha peke yake haitoshi kuanza dawa, pima makohozi. Tunza picha ya zamani uje nayo, tulinganishe. Wala usifiche kwamba uliwahi kuugua, kama wengi wanavyofanya kwa aibu. Mashine ya GeneXpert, ile inayopima makohozi, inaweza kunasa mabaki ya vijidudu vilivyokufa, na asiyejua historia yako akakuanzishia dawa usizohitaji. Wakati mwingine itabidi makohozi yaoteshwe maabara kuona kama vijidudu viko hai, majibu yachukue wiki kadhaa. Vumilia.

Kama si TB, kuna msaada?
Upo. Utapuliza kwenye kipimo cha nguvu ya mapafu. Baadhi hupewa dawa ya kuvuta. Mazoezi nayo husaidia: kule Mulago, Kampala, waliopona TB walifanyishwa mazoezi kwa wiki 6, wakaweza kutembea mbali zaidi kuliko mwanzo. Sigiri itoe nje. Sigara acha, na usiniambie ni moja tu kwa siku.

Nikitema damu?
Hata kidogo, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Ikiwa nyingi, tafuta gari ukimbilie hospitali, usingoje kupambazuke. Na vile vidonge vya kabatini usiviguse.